Kichujio cha Heshima

Saa moja na nusu asubuhi moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga mara mia moja arobaini na mbili kwa dakika. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba ya Ikombwe. Ndani ya nyumba ya Asajile Mwasomola hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa moyo huo, na birika lililokuwa likianza kuimba jikoni.

Kipokezi kilikaa juu ya kabati, kidogo kama kopo la majani ya chai, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Sauti iliyotoka humo haikufanana na ya moyo wa mtu mzima. Ilikuwa ya haraka na yenye majimaji, kama kwato za mnyama mdogo anayekimbia mbali kwenye matope laini, asiyechoka na asiyefika. Kwa miezi mitatu Asajile alikuwa akinywa chai ya asubuhi ndani ya sauti hiyo. Akiisikiliza, vitu vililegea kingo zake: meza, dirisha, hata mkono wake mwenyewe wenye mishipa. Hakuwa mtu wa kuota mchana. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye kituo cha kupima mitetemo ya mlima Rungwe, na alichokiamini kuliko vyote ni kipimo kilichorudiwa. Lakini alijua, kama mtu anavyojua ana homa, kwamba sauti ile ilimlaza akiwa macho.

Mwenye mimba alikuwa Subilaga, mke wa mwanawe Lwitiko. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua huohuo, baada ya zizi la ng'ombe, na tangu siku ya harusi Asajile hakuwahi kumwona uso. Alimjua kwa visigino vyake na pindo la kanga likitoweka migombani. Mwiko ulikuwa hivyo: baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani, hawasemeshani, hawaandikiani, hawapishani njiani. Mmoja akimsikia mwenzake anakohoa, hujitupa pembeni mpaka apite. Mabibi wa Ikombwe walikuwa wameuacha mwiko huo uanze kufa. Ulifufuliwa na mitambo. Kuta zilipoanza kusikia, taa za barabarani zikaanza kuona, na mwili wa kila mtu ukawa unapimwa kabla hajanywa uji, watu walitafuta kitu kimoja ambacho hakitaonwa na yeyote, wakakuta wazee wao walishakitengeneza.

Kwa hiyo mkanda wa Subilaga haukuwa kama mikanda iliyouzwa mjini. Ile ya mjini ilifanya kazi moja: hutuma tumboni mawimbi ya sauti yasiyosikika, nayo yakigonga kitu kinachosogea hurudi yamebadilika, na mabadiliko hayo hugeuzwa kuwa sauti ya kusikika. Tatizo ni kwamba tumboni kila kitu husogea. Mshipa mkubwa wa mama husogea, utumbo husogea, pumzi husogea, na mama akisema neno, neno hilo huingia humo pia. Mwaka uliopita Lwitiko alikuwa amemwendea baba yake na ombi: kuna njia ya mzee kumsikia mjukuu bila kumsikia mkwe? Asajile alicheka, kisha akaacha kucheka, maana njia ilikuwepo. Kituoni walikuwa wakiondoa ngurumo za mashine za visima vya mvuke ili wabaki na sauti ya mlima peke yake. Alichofanya ni kumweka mama mahali pa mashine na mtoto mahali pa mlima. Kipimo kidogo kwenye kifundo cha mkono wa mama kilitoa mwendo wa moyo wake, na mkanda ukafuta chochote kilichotembea kwa mwendo huo.

Watu walikiita kichujio cha heshima. Mikanda ishirini na sita ya aina hiyo ilikuwa sasa imefungwa kwenye matumbo ya bonde zima, na baba wakwe ishirini na sita walikuwa na makopo yao juu ya makabati.

Kabla ya kuuvaa wa kwake, Subilaga alikuwa ametuma ujumbe kupitia Ikupa, dada yake Asajile, mjane aliyekaa na Subilaga nyumba moja.

"Anasema hivi," Ikupa alikuwa ameeleza, akihesabu maneno kwa vidole asipoteze hata moja. "Mwambie baba amsikilize mtoto. Mimi asinisikilize."

"Mwambie nimekubali," Asajile alijibu. Akauweka uchujaji ndani ya mkanda wenyewe, sauti isiyochujwa isitoke hata kidogo. Hata Subilaga alikuwa hasikii moyo wake mwenyewe. Aliyemsikia ni mtoto peke yake, sawasawa na alivyosikika juu ya kabati la mkwewe.

Birika lilichemka. Asajile alimimina chai, akakaa, akafumba macho. Mnyama mdogo aliendelea kukimbia. Mzee akaona matope, kisha mwanga wa kijani, kisha akawa yeye ndiye anayekimbizwa, wala hakuogopa. Katikati ya mbio mnyama alijikwaa. Mara tatu za upesi, kimya kidogo, pigo moja zito, kisha mbio tena.

Kwikwi. Watoto hupata kwikwi tumboni. Jana jioni huyu alikuwa ameipata, na Asajile alitabasamu peke yake alipoisikia: tatu za upesi, kimya, pigo zito.

Akanywa chai. Ilikuwa imepoa nusu pale mnyama alipojikwaa tena. Tatu za upesi, kimya, pigo zito.

Asajile alifumbua macho.

Aliweka kikombe chini, akasubiri akiwa ameinua kidole, kama mwalimu wa kwaya. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha kidole chake na mnyama vilijikwaa kwa pamoja, pale hasa alipotarajia. Mara ya nne vilevile.

Mlima haujirudii. Katika miaka yake yote kituoni hakuona mitetemo miwili inayolingana, na kila walipoikuta karatasini, kosa lilikuwa la mtambo. Moyo ulio hai nao haujirudii. Sauti iliyokuwa ikitoka juu ya kabati ilikuwa ya jana.

*

"Ugonile, kaka," Ikupa alisalimia kwenye simu. "Mbona asubuhi-asubuhi? Chai imekushinda?"

"Mkwe anaendeleaje?"

"Mzima. Analalamika kiuno. Na nani asiyelalamika kiuno mwezi wa nane?"

"Mtoto anacheza?"

"Amelala."

"Tangu saa ngapi?"

"Kaka, mimi si kituo cha mlima. Jana kacheza mpira mpaka mama yake akaomba mapumziko. Leo kapumzika. Hata timu ya taifa hupumzika."

"Tangu saa ngapi, Ikupa?"

Alimsikia dada yake akiuliza pembeni, na mnong'ono ukijibu. Mara moja, bila kufikiri, akaiondoa simu sikioni mpaka mnong'ono ulipokwisha.

"Anasema alimsikia kabla ya kulala. Tangu aamke bado. Lakini moyo huu hapa, unakimbia vizuri, hata wewe si unausikia?"

"Shika mkono wake uhesabu mapigo yake. Tazama saa ya ukutani."

"Ya mtoto?"

"Yake yeye."

Ikupa aliguna, ila alihesabu. Alikuwa mtu wa kubisha huku anatenda. "Tisini na nane. Na mkono una joto kidogo, sasa umeniuliza ndiyo naona."

"Mpeleke kituo cha uzazi."

"Nimpeleke nikaseme nini? Moyo unasikika, damu hakuna, uchungu hakuna. Wakiniuliza anaumwa nini, nijibu baba mkwe wake kasikia kwikwi? Watatucheka mpaka ng'ambo ya mto. Na huyu hapa umeshamtia wasiwasi, ananitazama kama nimekuja na msiba." Akashusha sauti. "Ngoja nikamue ng'ombe, niyafikishe maziwa barabarani kabla gari halijapita. Nikirudi nitamwangalia tena. Kunywa chai, kaka."

Simu ikakatika. Lwitiko alikuwa zamu chini ya kisima cha mvuke, kule simu zisikoshuka.

Asajile alijua kinachoweza kuwa kimetokea, kwa sababu aliyekitengeneza ni yeye. Moyo wa mtoto hukimbia karibu mara mbili ya moyo wa mama, na tofauti hiyo ndiyo iliyokiwezesha kichujio kuwatenganisha. Moyo wa mama ukipanda kwa homa, na wa mtoto ukishuka kwa kukosa hewa, hufika mahali miendo miwili inakaribiana. Mahali hapo kichujio hakimjui mtoto. Humwona mama, na kwa heshima humfuta.

Hilo peke yake lingeleta kimya, na kimya kingemwamsha mtu yeyote. Lakini mwezi wa kwanza wa mkanda mtoto alikuwa amegeuka tumboni, sauti ikapotea kwa muda wa kupumua mara mbili tatu, na Ikupa akatoka mbio uani akipiga yowe. Jioni ileile Asajile aliongeza huruma kidogo: sauti ikipotea, mkanda uazime kutoka kwenye kumbukumbu yake kipande kizuri cha hivi karibuni, mpaka ya kweli irudi. Kwa kawaida ulikuwa mwazimo wa muda mfupi sana. Hakuuwekea kikomo. Hakuona sababu.

*

Pete ya ufunguo, ya kuvaa kidoleni, ilikuwa kwenye droo, pamoja na miwani mibovu. Ilifungua mkanda wowote alioutengeneza na kutoa sauti yote, bila kuchuja wala kuazima, ila kwa umbali wa ua mmoja tu, kupita hapo haikufaa kitu. Alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya matengenezo, na tangu siku ya kwanza hakuwahi kuitumia kwenye mwili ulio hai.

Aliishika mkononi.

Alichokuwa nacho ni dhana. Kwa dhana hangeweza kumwamuru mtu, na dada yake alikuwa amemwonyesha hivyo bila kupoteza maneno. Kipimo kilikuwa ng'ambo ya mlango ambao alikuwa ameahidi kutoufungua, kwa mtu aliyemwomba jambo moja tu maishani. Akiufungua akute mtoto mzima amelala, atakuwa ameisikiliza pumzi ya mkwewe bure, na hakuna atakayejua isipokuwa yeye. Asipoufungua, ahadi itabaki salama. Aliiangalia ahadi hiyo kama alivyozoea kuangalia mchoro wa mtambo, akaona haikuwa na kifungu cha dharura. Angeweza kukiweka siku ile. Hakukiweka kwa kuwa aliiamini kazi yake.

Njia ya tatu ilikuwepo: kwenda kumwomba ruhusa. Alifikiri jinsi angekohoa mlangoni, na visigino vikitoweka. Alifikiri jinsi ambavyo Subilaga angekataa, kwa haki yake. Hapo ndipo alipoivaa pete.

Kwanza ilikuja mvua. Mvua kubwa, ya karibu, juu ya majani mapana, ila haikuwa mvua, ilikuwa damu katika kondo la nyuma. Kisha pumzi, ndefu, kama mtu anayekunja mkeka na kuutandaza, kuukunja na kuutandaza. Kisha moyo mpana wa mwanamke mzima, ukigonga kama mtu anayebisha hodi katika nyumba anayojua ina watu. Chumba kizima kikawa ndani ya mtu. Asajile alisimama katikati yake ameinamisha kichwa, kama aliyeingia chumba cha kuoga kwa makosa. Kisha ikaja sauti, ya chini, yenye mkwaruzo, ambayo hakuwahi kuisikia.

"Amka basi, wee mvivu," Subilaga alikuwa akisema. "Babu yako yuko huko anakusikiliza. Kazi yake kusikiliza tu, yule. Amka umpige teke la salamu, arudi kwenye chai yake."

Mzee alishika ukingo wa kabati. Nyuma ya sauti hiyo, nyuma ya hodi, kulikuwa na hodi nyingine, nyembamba zaidi, karibu mwendo mmoja na ya kwanza. Zilikwenda sambamba, zikaachana, zikakutana. Alihesabu akiangalia saa. Mia moja na nne. Akarudia. Mia moja na moja. Akarudia mara ya tatu, kwa sababu ndivyo ilivyopaswa kufanywa, na mara ya tatu ikawa tisini na tano.

Mama alikuwa tisini na nane. Mtoto alikuwa amempita akishuka.

Asajile alipiga simu kituo cha uzazi, akataja tarakimu tatu na saa za kila moja. Mkunga aliyepokea, mwanamke aliyejitaja kwa jina la Eliwaza, hakuuliza juu ya kwikwi. Alisema kereng'ende, chombo cha angani cha kubebea wagonjwa, inaondoka sasa hivi.

*

Ukungu uani ulikuwa mzito kiasi kwamba zizi lilionekana kama wazo la zizi. Asajile alilipita. Alipofika karibu na mlango wa mwanawe alikohoa, si kwa kukusudia, ni kwa sababu miaka yote alikuwa amekohoa hapo. Papo hapo mlango wa nyuma ulilia, na mkungu wa ndizi ukayumba. Alikuwa amemfukuza mwenyewe, mwanamke wa mwezi wa nane, migombani, kwenye utelezi.

Alisimama. Akageuka, akaipa migomba mgongo.

"Subilaga," alisema.

Jina hilo halikuwa limewahi kupita mdomoni mwake. Nyuma yake kila kitu kilinyamaza, hata majani yaliacha kudondosha maji, au ndivyo alivyosikia.

"Usikimbie. Simama hapo ulipo, ushike mgomba. Sigeuki."

Kisha mkwewe akasema, wala hakusema naye. Katikati ya ua palikuwa na jiwe la kusagia, na watu wa mwiko, wakibanwa na jambo zito, huruhusiwa kusema na kitu cha tatu.

"Wewe jiwe. Niulizie huyo aliyesimama. Ana nini?"

"Jiwe," Asajile alisema, "mwambie mtoto moyo wake unapungua. Unaosikika kwenye mkanda ni wa jana. Chombo kinafika sasa hivi kumpeleka kituoni."

"Jiwe, muulize amejuaje."

Alijua swali hilo lingekuja, na alikuwa na hatua zote za kuvuka ua kuliandalia jibu. Hakuwa ameandaa.

"Nimesikiliza."

"Amenisikiliza mimi."

"Ndiyo."

"Jiwe, huyu mtu alikubali. Niliomba neno moja. Moja! Nimekaa kwake miaka miwili sijaomba hata chumvi."

"Ni kweli."

"Angeuliza kwanza."

"Ni kweli. Niliogopa utakataa."

Aliposema hivyo alikuwa ameliruka jiwe, na wote wawili walilisikia kosa hilo. Majani yalitikisika. Alidhani anaondoka.

"Yuko hai?" Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa karibu zaidi, na haikutaja jiwe.

"Yuko hai. Tisini na tano. Inatakiwa mia na kumi kwenda juu."

"Basi ondoka mlangoni nipite nikachukue kanga."

Asajile aliondoka mlangoni, macho ardhini. Visigino vilipita karibu naye, vina matope.

Kereng'ende ilishuka uani bila kelele nyingi, mabawa yake manne yakiupasua ukungu vipande vipande. Haikuwa na rubani wala mganga. Ilikuwa na godoro, viti viwili na sauti ya mkunga Eliwaza darini. Ikupa alitokea njiani na ndoo tupu ya maziwa, akaona chombo, akaona kaka yake amesimama ua mmoja na mkwewe, akaiachia ndoo ikabingirika.

"Mama yangu! Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, ingia," Asajile alimwambia. "Shika kanga katikati."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Pete haifanyi kazi mbali. Nikibaki, mkunga hatasikia kitu isipokuwa kwikwi."

Ikupa aliiacha ndoo ilikobingirikia. Akaingia, akaitundika kanga kwa mikono miwili iliyoinuliwa, Subilaga upande mmoja na mzee upande wa pili, migongo ikitazamana.

*

Walipanda. Ukungu ulipita madirishani ukiwa wa kijivu, kisha mweupe, kisha ukabaki chini. Juu kulikuwa na jua tupu, na kilele cha Rungwe peke yake, cheusi, kimekaa juu ya weupe kama kitu kilichosahauliwa mezani. Chombo kikanyooka. Kwa muda ilionekana hakiendi popote.

"Fungueni sauti yote," alisema Eliwaza kutoka darini.

Asajile aliinua mkono wenye pete, na chumba kidogo kikajaa mvua, mkeka, na hodi mbili. Hapakuwa na mahali pa kwenda kutoisikia. Ikupa alikaza macho darini.

"Huo mkubwa ni wangu?" Subilaga aliuliza, hakuna aliyejua anamuuliza nani.

"Ni wako, mama," alijibu mkunga.

"Una kelele."

"Unafanya kazi ya wawili. Lala ubavu wa kushoto. Hivyo. Vuta pumzi polepole."

Hodi nyembamba ilisita, ikaongeza mwendo. Mia moja. Mia moja na nane. Ikupa alianza kushukuru kwa Kinyakyusa. Mia moja na kumi. Asajile alihesabu bila kutoa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu kwikwi ya pili alipata shida kushika tarakimu, zikawa zinamponyoka na kurudi, jua lilikuwa kali, na alihisi kwamba kama mtoto angeendelea hivyo wote wanne wangeweza kubaki hapo juu, bila kufika.

Kisha mwendo ulivunjika. Tisini. Themanini na nne.

"Naisikia," Eliwaza alisema, sauti yake ileile. "Daktari wa upasuaji anaingia kuvaa. Mtashukia mlango wa nyuma, msiende mapokezi."

Sabini na sita. Hodi kubwa ya mama ilikuwa imeanza kukimbia, sasa ni yake iliyosikika kama ya mtoto. Upande wa pili wa kanga hakukuwa na kilio.

"Hesabu kwa sauti," Subilaga alisema. "Wewe, baba. Umeshaanza kusikiliza, usinyamaze."

Asajile alihesabu kwa sauti mpaka chombo kilipogusa chini.

*

Milango miwili ya kusukuma ilifungwa baada ya kitanda kupita, na pete ikawa mbali mno, na kila kitu kikanyamaza. Ikupa aliruhusiwa kuingia mpaka chumba cha kuvalia. Asajile alibaki kwenye korido ya chokaa, penye benchi moja.

Hakuketi. Alitoa simu akafungua orodha ya mikanda yake, ambayo kwa simu hubadilishwa yote kwa mpigo, si mmoja peke yake. Kila mkanda ulijua kiasi ulichoazima tangu jua lichomoze, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuuuliza. Aliiuliza yote. Ishirini na mitano mingine ilikuwa imeazima muda mfupi mfupi, hakuna uliovuka dakika. Alisoma orodha mara mbili.

Angeweza kuweka kikomo na kuishia hapo. Kichujio kingebaki, baba wakwe wangebaki na sauti zao za asubuhi, na mtoto mwingine akishuka kufikia mwendo wa mama yake, mkanda ungemfuta na kupiga kengele. Kilikuwa ni kitu cha kutengenezeka. Lakini kengele ingelia kwa nani? Kwa mzee asiyeruhusiwa kuuliza, ng'ambo ya ua. Na mama angeendelea kuvaa chombo kinachomficha yeye mwenyewe asijisikie.

Alifuta kichujio. Alifuta mwazimo. Kisha, ili sauti za wanawake zisitoke nje ya mikanda yao, alivifunga vipokezi vyote, cha kwake kikiwa cha kwanza. Akawaandikia wanawake sababu, mistari minne.

Simu ililia kabla hajairudisha mfukoni. Alikuwa Mzee Mwambelo wa ng'ambo ya kijito.

"Mhandisi, kopo langu limekufa."

"Halijafa. Nimelizima."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Tulikubaliana, wewe mtu! Nilikupa mbuzi! Sasa mjukuu wangu nitamsikiaje?"

"Akizaliwa."

"Unatuziba masikio sisi wazee, halafu unanijibu kama karani?"

"Ndiyo," Asajile alisema. "Nenda ukakohoe mlangoni, muulize kupitia kwa mtu kama anacheza. Ukipata jibu usiloridhika nalo, uliza tena."

Mwambelo alikata kwa tusi la heshima kidogo. Simu ililia tena, ya mwingine, na ya mwingine. Asajile aliinyamazisha, akasogea mpaka kwenye ukuta wa chumba cha upasuaji, akauwekea kiganja kisha sikio. Ukuta ulikuwa wa baridi. Ndani yake kulikuwa na chuma kikigusa sinia, maji yakifunguliwa, na mkunga akisema kitu kifupi ambacho hakikueleweka. Kisha hakukuwa na kitu, na hapakuwa na chombo chochote cha kukijaza.

Aliitazama saa ya korido, kwa mazoea.

Saa tatu na dakika arobaini na moja mtoto alilia. Kilio kilikuwa chembamba, kikakatika, kikarudi na nguvu. Juu yake ikaja sauti ya Subilaga, yenye mkwaruzo, ikipita ukuta mzima: "Mfunikeni jamani, mtamuua kwa baridi!"

Asajile hakuondoa sikio ukutani.